Mstari wa vidole viwili kisogoni: nywele za mtoto katika msimu wa kuogelea

Mtoto ni msichana wa miaka 7. Nywele zake ni za kipilipili, hazijawahi kutiwa dawa, na zikinyooshwa hufika sentimita 18. Ameanza mafunzo ya kuogelea katika bwawa lenye klorini, mara 3 kwa wiki, dakika 45 kila mara. Kufikia wiki ya 5 nywele zimekakamaa kama katani, zinanuka bwawa hata siku ambayo hakuogelea, na kila asubuhi chanuo linatoka na vipande vifupi vifupi. Kisogoni, kutoka sikio hadi sikio, kuna mstari wenye upana wa vidole viwili ambamo nywele zimebaki sentimita 3 tu. Nyumbani mjadala umefika pabaya: anyolewe, au aachishwe kuogelea?

Maelezo ya mtoto huyu yameunganishwa kutoka hali zinazojirudia kila msimu, kwa hiyo mzazi atakayeona ni kama anasemwa yeye asishangae.

Utaratibu wa nyumbani ulikuwa hivi. Kabla ya bwawa nywele zilikuwa kavu, zimekusanywa fundo moja utosini na kubanwa kwa rababendi, mkanda wa miwani ukapita juu ya nywele, kisha kofia ya mpira ikafunika vyote. Baada ya bwawa mtoto alivaa nguo na kurudi nyumbani na nywele zilezile. Zilioshwa muda wa saa mbili baadaye, kwa shampuu ya kawaida, mara mbili hadi povu lije jingi, zikasuguliwa kwa taulo na kupakwa mafuta mazito. Asubuhi zilichanwa zikiwa kavu, mbio mbio, kabla ya shule.

Ukiuliza mkosaji ni nani, kila mtu atataja klorini. Hilo ni jibu la nusu. Klorini hulegeza unywele, lakini kinachoukata ni mkono, mkanda na rababendi. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu klorini ya bwawa huwezi kuipunguza, ilhali hayo mengine yote yako mikononi mwa mzazi.

Kusoma alama kwanza

Kabla ya kubadilisha chochote, mtandike mtoto kitambaa cheupe mabegani, uchane sehemu moja ya kichwa, kisha uangalie kilichodondoka. Unywele uliong'oka kwa kuwa muda wake umeisha huwa mrefu, na ncha yake moja ina kijibonge cheupe kidogo kuliko kichwa cha pini. Huo si hasara, kila kichwa hupoteza nywele za namna hiyo kila siku. Unywele uliokatika hauna kijibonge, na mara nyingi ni mfupi. Kwa mtoto huyu karibu vyote vilivyodondoka vilikuwa vipande visivyo na kijibonge. Kwa hiyo mizizi haikuwa na tatizo. Nywele zilikuwa zinaota sawasawa na kukatika njiani.

Halafu angalia zimekatikia wapi. Maji ya bwawa hayachagui mahali, yakifika kichwani yanafika kila upande. Mstari ulionyooka kutoka sikio hadi sikio hauwezi kuwa kazi ya maji peke yake. Upana wake ulikuwa sawa na njia ambayo mkanda wa miwani ulipita ukiteleza huku na huku, na mwisho wa somo mtoto aliivua miwani kwa kuivuta juu kwa nguvu, nywele zikiwa zimeng'ang'ania mpira. Utosini napo, sentimita 5 hivi kutoka kwenye ngozi, palikuwa na nywele nyingi zilizokatika kwa urefu mmoja, mahali penyewe rababendi ilipokaa.

Kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia, palikuwa na vipele vidogo. Mtoto alikuwa akisema kila mara, "Mama, inauma," naye akijibiwa avumilie kidogo. Kwenye nywele neno "inauma" ni kipimo, na vipele hivyo ni alama ya kwanza kwamba nywele zinavutwa kuliko mzizi unavyoweza kustahimili. Ukilegeza mapema zinarudi. Ukiendelea miaka, kipaji kinabaki wazi moja kwa moja.

Ngozi ya kichwa ilikuwa kavu na yenye unga mweupe kila mahali, bila mabaka. Hapa ni muhimu kutofautisha na mapunye. Mapunye huleta mabaka ya duara yenye magamba ambamo nywele zimekatika karibu kabisa na ngozi hadi kuonekana kama nukta nyeusi, na mara nyingi tezi za shingoni nyuma huvimba. Mapunye hayaponi kwa mafuta wala kwa krimu peke yake. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza anayoandikiwa na daktari, na kofia, chanuo na taulo zake zisishirikiwe na mwingine. Mtoto wa kisa hiki hakuwa nayo.

Kipimo cha mwisho ni cha unywele mmoja. Uloweshe, ushike ncha zote mbili, uvute polepole. Unywele mzima unanyooka kidogo na kurudi. Ukinyooka kama ubani uliotafunwa bila kurudi, umelegea ndani. Ukikatika papo hapo bila kunyooka, umekauka na umekuwa dhaifu. Wa mtoto huyu ulikatika papo hapo.

Klorini inafanya nini hasa

Unywele umefunikwa na magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Juu ya magamba kuna utando mwembamba sana wa mafuta ulioungana na unywele wenyewe (si mafuta ya kupaka), na ndio unaofanya tone la maji liteleze na unywele mmoja upite juu ya mwenzake bila kukwaruzana. Klorini huula utando huo kidogo kidogo. Ukishaondoka kwenye unywele ule haurudi, kilichobaki ni kuubandikia badala yake kwa kondishena. Nywele zisizo na utando hukwaruzana, hushikana na kufunga mafundo.

Mabwawa mengi huwekwa klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Kiasi hicho si kikubwa, na dakika 45 peke yake si janga. Linaloharibu ni marudio na muda wa ziada. Nywele zilizotoka bwawani bila kusuuzwa hubaki na klorini, na maji yanapokauka inabaki palepale. Saa mbili za kurudi nyumbani na nywele mbichi zilikuwa zinazidi muda wa somo lenyewe.

Unywele mkavu unaweza kunywa maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake, na hunywa yale yanayoufikia kwanza. Ukiingia bwawani mkavu unashiba maji ya bwawa. Ukiingia umeshiba maji safi, ya bwawa yanapata nafasi ndogo. Si kinga kamili, maana klorini itaendelea kupenya taratibu, lakini tofauti inaonekana.

Nywele za kipilipili zina mzigo wao wa ziada. Mafuta ya asili ya kichwani hayashuki vizuri kwenye mizunguko, na kwenye kila kona unywele huwa bapa na dhaifu. Ndiyo sababu watoto wawili wa bwawa moja wanaweza kumaliza msimu na hali tofauti kabisa. Mwenye nywele za rangi hafifu huona ukijani, ambao hutokana na shaba iliyomo majini. Kwenye nywele nyeusi shaba hiyo haionekani, ila vidole vinaihisi: nywele zinakuwa na mparuzo hata zikiwa na kondishena.

Harufu kali ya bwawa, kwa njia, si dalili ya usafi. Hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Kuoga kabla ya kuingia ni kwa faida ya wote.

Kilichobadilishwa

Usiku wa kuamkia siku ya kuogelea: vijiko 2 vya chai vya mafuta ya nazi, yakipakwa hasa kwenye nusu ya mwisho ya nywele. Mafuta ya nazi yana sifa ambayo mengine mengi hayana, yaani hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuoshwa. Lakini yanahitaji saa kadhaa. Ukiyapaka mlangoni mwa bwawa yanabaki juu juu, yanaishia majini na kwenye vichujio, na msimamizi wa bwawa atakuwa na haki ya kulalamika.

Mtindo: fundo la utosini liliachwa. Badala yake zilisukwa njia 6 za twende kilioni, bila kukaza, zikaishia kwenye mikia miwili iliyolazwa kisogoni. Fundo huinua kofia kama hema, maji yakaingia kwa chini na kofia ikateleza nyuma. Njia zilizolala huiacha kofia ikae. Nywele fupi za kisogoni ziliachwa bila kusukwa kabisa. Kulazimisha sentimita 3 ziingie kwenye msuko ni kuzing'oa. Shanga zilitolewa kwa muda wa msimu, maana hutoboa kofia na zikidondoka huenda kwenye mifereji. Mikia hairuhusiwi kuning'inia nje. Nywele ndefu zilizo huru zinaweza kufyonzwa kwenye tundu la kutolea maji, na hiyo ni hatari ya maisha.

Dakika 5 kabla ya kuingia: bombani, maji safi kwa dakika 2 hadi 3, huku kila njia ikiminywa kwa vidole hadi maji yachuruzike. Kisha kijiko 1 cha chakula cha kondishena nyepesi kwa kichwa kizima, na kuishia vidole viwili nyuma ya paji.

Hicho kipengele cha mwisho kilipatikana kwa makosa. Siku ya kwanza kondishena ilipakwa hadi kipajini, na kofia ikavuka kila mtoto alipozamisha kichwa. Suluhisho ni kupangusa mzingo wa nywele kwa taulo, kuanzia kipajini, juu ya masikio hadi shingoni, ili kofia ipate mahali pa kushika.

Kofia yenyewe ilibadilishwa kutoka mpira hadi silikoni. Ya mpira hunata kwenye nywele na kuzivuta wakati wa kuvua, tena mafuta huioza haraka. Ya kitambaa haizuii maji kabisa, ingawa ni laini. Silikoni ni nzito kidogo lakini inateleza vizuri. Hata hivyo usitarajie nywele kavu. Kazi ya kofia ni kupunguza maji yanayopita kwenye nywele na kuzuia msuguano. Saizi ndiyo hasa inayosumbua. Kofia ya kawaida ya mtoto haikukatwa kwa kichwa chenye nywele nyingi, na anayenunua "ya watoto" kwa kuangalia umri atapata ya kubana. Jambo hili limewahi kufika mbali: mwaka 2021 kofia za Soul Cap, zenye nafasi ya nywele nyingi, zilikataliwa na shirikisho la dunia la kuogelea kabla ya Olimpiki ya Tokyo, zikaja kuidhinishwa Septemba 2022. Kwa nywele za sentimita 18 zilizolazwa, kofia ya mtu mzima ya saizi ya kawaida ilitosha.

Namna ya kuivaa: mtoto ashike ukingo wa mbele kwa vidole vyote, ukiwa katikati ya paji. Mzazi aingize ngumi zote mbili ndani kwa nyuma, aitanue, kisha aishushe hadi kisogoni kwa mwendo mmoja. Asiivute kwa kuikwangua juu ya nywele. Miwani huvaliwa juu ya kofia, mkanda ukipanda nyuma kidogo kuliko usawa wa masikio, na huvuliwa kwanza, kwa kuinua vioo mbele na kupeleka mkanda nyuma. Badiliko hili moja, lisilogharimu kitu, ndilo lililosimamisha ule mstari wa kisogoni.

Baada ya kutoka: ndani ya dakika 10, kabla ya kuvaa nguo, kusuuza kwa dakika 3 nywele zikiwa bado zimesukwa. Kila njia huminywa kutoka mzizini kwenda nchani. Halafu maji ya vitamini C: robo ya kijiko cha chai cha unga wa asidi askobiki katika nusu lita ya maji, kwenye chupa ya kupuliza. Askobiki huungana na klorini na kuiua, na harufu hupungua hapo hapo. Hupulizwa hadi nywele zilowe tena, huachwa dakika 1 hadi 2, husuuzwa, na kijiko kimoja cha kondishena hufuata.

Kuna mitego miwili hapo. Kwanza, mchanganyiko ni mchachu, ukiingia machoni unawasha vibaya, kwa hiyo mtoto avae miwani yake tena au aangalie juu. Pili, haukai. Chupa iliyochanganywa Jumapili ili itumike wiki nzima ilikuwa imebadilika rangi kuwa ya manjano kabla ya wiki kuisha, nayo harufu ya bwawa ikarudi nywelani. Beba unga mkavu kwenye kikopo, uchanganye bafuni. Siki iliyozimuliwa haifanyi kazi hii. Hulaza magamba kidogo, lakini klorini haiiondoi. Magadi ya kupikia ni mabaya zaidi, kwa sababu huyainua magamba.

Kukausha ni kwa fulana ya pamba, kwa kubonyeza, bila kusugua. Mtoto asilale na misuko inayochuruzika, kwani ngozi ikikaa na unyevu usiku kucha itawasha na kutoa harufu. Kikaushio cha hewa ya baridi, umbali wa sentimita 20, kinafaa.

Siku ya kuosha

Shampuu ya kila baada ya bwawa ilifutwa. Ilibaki mara moja kwa wiki, isiyo kali, povu likipelekwa kwenye ngozi na si kwenye ncha. Kila baada ya wiki 2 ilibadilishwa na shampuu ya waogeleaji yenye EDTA au thaiosulfeti, ambazo hukamata shaba na klorini. Soma orodha vizuri: EDTA ikiwa imetajwa mwishoni kabisa, imewekwa kuhifadhi shampuu, nywele hazitapata chochote. Shampuu hii inakausha, kwa hiyo kila mara hufuatwa na kondishena nzito, vijiko 3 vya chakula, chini ya kofia ya nailoni kwa dakika 20 hadi 30.

Mafuta mazito hayakukatazwa, yalibadilishwa zamu. Mafuta hayaleti maji, huyafungia yaliyomo. Yakipakwa kwenye nywele kavu hufungia ukavu. Sasa hupakwa kidogo, nusu kijiko cha chai, nywele zikiwa bado mbichi.

Kufumua ndiko kulikoleta hasara ya mwisho. Mara nywele zilipoanza kupendeza, misuko iliachwa wiki 3, kwa imani kwamba zilizosukwa hazihitaji kuguswa. Katika muda huo nywele zilizong'oka zenyewe hazikupata pa kutokea. Zilijizungusha kwenye mizizi ya zile nzima na kugandishwa na masalia ya kondishena, kila mwanzo wa njia ukawa na kifundo cha kijivu. Kuosha kabla ya kukichambua ndilo kosa lililofuata, maana maji yalikikaza kama kamba iliyoloa.

Kifundo cha namna hiyo hufunguliwa hivi. Usikiloweshe kwa maji. Weka tone la mafuta na kondishena kiasi cha punje ya harage, ukikande dakika 1 hadi kilegee. Shika nywele kati ya kifundo na ngozi kwa vidole viwili, ili mvuto usifike kichwani. Kwa ncha ya kitana cha mkia, toa unywele mmoja mmoja kutoka ukingo wa nje, kamwe si katikati. Utaona nywele zenye kijibonge zikitoka nzima. Hizo ni za kutupwa. Kikishapungua nusu, kigawanye mara mbili kwa vidole, kila upande uende kwake. Baada ya vyote kuisha ndipo kichwa kinaoshwa, na chanuo lenye meno mapana hupita nywele zikiwa na kondishena, likianzia nchani na kupanda sentimita 3 kila mara. Kuanzia hapo misuko iliwekewa mwisho wa siku 10, na asubuhi za shule hakuna kuchana, ni kupuliza maji na kulaza ukingo kwa kiganja.

Kwa siku za baharini hakuna klorini, ila chumvi inayokauka nywelani huzikausha na kuzikwaruza. Loweka kwanza, suuza haraka baadaye. Vitamini C haina kazi huko. Mtoto mwenye nywele zilizotiwa dawa hufuata hatua hizi hizi, lakini aingie bwawani wiki 2 angalau baada ya dawa, si siku mbili.

Hali baada ya wiki 8

Harufu iliisha katika wiki ya kwanza. Vipele vya kipajini vilipotea katika ya tatu. Ncha zilikatwa sentimita 2 mara moja tu, kwani zilizopasuka haziungani tena kwa kondishena yoyote, hata kibandiko kiahidi nini. Kitambaa cheupe kilipotandikwa tena, nywele nyingi zilizodondoka zilikuwa ndefu, zenye kijibonge. Mtoto hakunyolewa wala hakuachishwa kuogelea.

Kisogoni nywele zilifika sentimita 4 na nusu. Nywele za kipilipili kwa kawaida huongezeka chini ya sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo pengo lile litahitaji mwaka na nusu au zaidi kufikia wenzake. Katika muda huo mikia inaanzia juu ya mstari, na zile fupi hupakwa kondishena na kuachwa zijikunje zenyewe.